Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Asiruhusiwe mgonjwa kabla hajapatikana wa kumpokea

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Yah: Wagonjwa wanaoruhusiwa hospitalini ili wakafie nyumbani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu siku moja tu: siku ambayo mgonjwa mwenye maradhi yasiyoponyeka anaambiwa hospitali haina zaidi ya kumfanyia, arudi nyumbani. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye maradhi mazito, pamoja na familia yake. Wagonjwa wangu nawakuta wakiwa tayari wameshateremshwa kwenye gari na kulazwa kitandani kwao, kwa hiyo naona walichorudi nacho, na naona zaidi walichokikosa.

Wanarudi na karatasi ya ruhusa na mfuko wa dawa. Kuna mama mmoja wa saratani ya kongosho ambaye karatasi yake bado naiona. Alikuwa hawezi kukaa bila kuegemezwa, lakini imeandikwa: "Hali inaridhisha. Arudi kliniki baada ya wiki mbili." Dawa yake ya maumivu ilikuwa parasetamoli. Binti aliyekuwa akimuuguza aliniuliza atampeleka vipi kliniki mtu asiyeweza kuketi. Nilipomkuta alikuwa akimlisha kwa kijiko, mama anapaliwa na kugeuza uso, naye analia huku anamsihi ameze, kwa sababu aliamini asipokula atakufa. Hakuna aliyemwambia kwamba mwili unaoaga huacha wenyewe kutaka chakula, na kwamba kumlowanisha midomo na kumsafisha kinywa taratibu kungempa mama yake nafuu kuliko kile kijiko.

Daktari aliyeandika ile karatasi simwiti katili. Wodi imejaa, na anayesubiri kitanda anaweza kupona. Ubaya ni kwamba kumwandaa mgonjwa wa aina hii hakumo kwenye orodha ya kazi za mtu yeyote. Daktari anadhani nesi ameshaeleza, nesi anadhani daktari ameshasema, mfamasia anatoa kilichoandikwa, na familia inaogopa kuuliza. Mgonjwa anapita katikati yao wote hadi nje ya geti.

Ombi langu ni moja, Mheshimiwa. Toa waraka kwamba ruhusa ya mgonjwa aliye katika hatua za mwisho haisainiwi mpaka kuna mtu, mwenye jina na namba ya simu, aliyesema "nimempokea". Barua ya rufaa iliyokunjwa mkononi mwa ndugu haitoshi. Wodi ipige simu kwa timu ya huduma za nyumbani kabla mgonjwa hajaondoka, ieleze ugonjwa, dawa na dozi zake, mgonjwa mwenyewe anataka nini, na nani nyumbani atakayekesha naye.

Wodi ikijua kwamba lazima ipige simu hiyo, itabidi kwanza ifanye mazungumzo ambayo leo yanakwepwa. Mgonjwa aulizwe anataka kujua kiasi gani, na anataka kuwa wapi. Nyumbani si jibu la kila mtu. Wapo wasio na wa kuwaangalia, na wapo ambao maumivu yao hayatulizwi bila wataalamu kuwa karibu. Hao wanahitaji kitanda cha hospisi, yaani kituo cha kuwatunza walio katika siku za mwisho, na ni makosa kuwarudisha kwao kwa sababu tu wodi imejaa. Walio tayari kwenda, basi familia ielezwe kitakachotokea. Atalala zaidi na kuzungumza kidogo. Pumzi zitakatika kwa muda na kurudi. Kooni kunaweza kusikika mkoromo wa mate, unaowatisha waliokaa pembeni kuliko unavyomsumbua yeye. Familia isiyojua haya humbeba usiku wa manane na kumrudisha kitengo cha dharura, na anafia kwenye machela ya ukumbini huku watu wakimtafutia mshipa wa dripu. Nani wa kuwalaumu? Walikuwa wamepewa namba gani ya kupiga?

Sasa dawa, na hapa niruhusu nikae kidogo. Maumivu makali ya saratani hayatulizwi na parasetamoli peke yake, yanahitaji mofini. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa na si kwa kusubiri mgonjwa alie, na kunakuwa na dozi ya ziada maumivu yakipenya katikati. Pamoja nayo iandikwe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwani mofini hufunga choo na tatizo hilo haliishi kwa kuzoea. Iwepo na dawa ya kichefuchefu kwa siku za mwanzo. Halafu kuna jambo ambalo karatasi za ruhusa nyingi hazigusi: siku itafika mgonjwa hawezi kumeza. Dawa za kuchoma chini ya ngozi, kwa maumivu, mahangaiko na mate kooni, zinatakiwa ziwe zimeshafika nyumbani kabla ya siku hiyo, na muuguzi wa kuzichoma ajulikane. Kuanza kuzitafuta usiku huohuo ni kumwacha mtu ateseke mpaka asubuhi.

Najua wizarani mtaniambia habari ya sheria za dawa za kulevya. Lakini mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaosimamia dawa hizo unatamka wenyewe kwamba ni za lazima katika kutuliza maumivu na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Sioni namna ya kulieleza jambo hilo bila hasira.

Na inawezekana. Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji ikatengenezwa kutokana na unga wake, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Kabla ya hapo, London, hospisi ya St Christopher's ya Dkt. Cicely Saunders ilifunguliwa mwaka 1967 na baada ya miaka miwili ikaanza kuwafuata wagonjwa majumbani, kwa kuwa wengi wa wanaohitaji huduma hii hawamo ndani ya majengo yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, na ni kama asilimia 14 tu wanaoipata.

Madaktari wengine huchelewa kutuita kwa kuogopa kwamba kututaja ni kumkatia mgonjwa tamaa. Wangependa kujua kwamba katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa waliopata tiba shufaa mapema waliishi vizuri zaidi, na pia muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa wastani, dhidi ya 8.9 ya wenzao. Kwa hiyo simu hiyo isingoje siku ya ruhusa pale inapoweza kupigwa mapema.

Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la tiba shufaa mwaka 2014, na ahadi zote zimo humo. Waraka ninaouomba ni wa ukurasa mmoja: simu ipigwe, mazungumzo yafanyike na yaandikwe kwenye faili, dawa za siku za mwisho zitolewe mapema, familia ipewe namba inayopokelewa usiku. Kila hospitali iulizwe kila mwezi ni wangapi iliowaruhusu bila hayo, na kwa nini. Wauguzi wenzangu nami tuko tayari kukaa na wataalamu wako tuuandike, wiki yoyote utakayotupangia.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa tiba shufaa