Barua ya Wazi kwa Wanafunzi Mnaoahirisha Kuandika Tasnifu

Wanangu wapendwa,

Wengi wenu mnajiita wavivu kwa sababu sura mliyoahidi kuiwasilisha bado haijaandikwa. Jina hilo siliafiki. Mvivu hupumzika kwa raha. Ninyi hampumziki, bali mnapanga upya vitabu, mnajibu ujumbe usio na haraka na kusoma makala moja zaidi, huku moyo ukiwa mzito kutwa nzima.

Mmeambiwa tangu utotoni kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na ni kweli, ila onyo hilo hutaja matokeo tu. Chanzo, kama walivyoeleza wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl mwaka 2013, kimo katika hisia: kazi hututia hofu ya kukosolewa au mashaka juu ya uwezo wetu, nasi tukiiweka kando tunapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayotuzoesha kuiweka kando tena kesho. Kwa hiyo ratiba peke yake haitoshi, kwani anayeuogopa ukurasa mtupu atauogopa hata akipewa siku nzima.

Anzeni kwa kuacha kujilaani. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa uliofuata. Huko si kujidekeza, maana lawama huiongezea kazi ileile uchungu mwingine wa kukimbiwa.

Kisha chagueni kitendo kidogo chenye wakati na mahali pake. Badala ya “nitaandika wiki hii”, mtu aseme: “Nikishapata kifungua kinywa, nitaketi maktabani niandike aya ya kueleza tatizo la utafiti, hata ikiwa mbaya.” Peter Gollwitzer, aliyechunguza maazimio ya namna hii, alionyesha kuwa hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla.

Na rasimu yenye kasoro mpelekeeni msimamizi. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu anayengoja ikamilike kwanza huendelea kumkwepa mtu anayeweza kumsaidia kuikamilisha, na kila wiki ya ukimya huzidisha ugumu wa kumwandikia.

Lakini ikiwa hata mambo mliyoyapenda hayawavutii tena, na usingizi au hamu ya chakula imewatoka kwa majuma kadhaa, msiihesabu hali hiyo kuwa ajizi. Mwoneni daktari au mshauri nasaha kwanza, sura itasubiri.

Mzee wenu