Barua kwa Mama: nimepata kishamba

Leicester, Uingereza
Mwezi wa nne

Mama mpendwa, kamwene.

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, Kaka Yohana na shemeji, Neema na watoto wote. Sisi huku hatujambo. Mama Tumaini anakusalimia sana, na mjukuu wako kang'oka jino la mbele, anaringa nalo. Neema akusomee polepole, na akikaribia mwisho amwite Kaka, maana kuna neno lake.

Habari kubwa ni kwamba nimepata shamba. Usipige vigelegele kwanza, subiri nikwambie ukubwa wake. Huku manispaa ina maeneo yaliyokatwa vipande vidogo, mwananchi anakodi kimoja, analipia kwa mwaka na kulima chakula cha nyumbani kwake. Ardhi haiuzwi wala huirithishi. Ni utaratibu wa zamani: sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri zitafute ardhi ya namna hiyo pale wananchi wanapoihitaji. Shida ni kwamba wanaohitaji ni wengi kuliko vipande, kwa hiyo mtu anaandika jina na kukaa kwenye foleni. Mimi niliandika kabla Tumaini hajaanza shule, na sasa ananisahihishia hesabu.

Vipande bado wanavipima kwa fito, kipimo cha babu zao. Shamba kamili ni fito 10, yaani mita za mraba 250 hivi, na mimi nimepewa nusu. Chukua ekari moja uikate mara 32, kipande kimoja ndicho changu. Najua Kaka atasema hilo ni eneo la banda la kuku. Basi hata kuku naruhusiwa! Sheria ya 1950 inamruhusu mwenye kishamba kufuga kuku majike na sungura, mradi asifanye biashara. Jogoo hapana, majirani wanataka kulala.

Nilikikuta pori. Miiba ilinifika kiunoni, na chini yake nyasi ambazo wewe ungezijua mara moja kwa mizizi: ndugu yake sangari kabisa, mizizi myeupe inayopita chini kwa chini, ukikata kipande kimoja kikabaki, kinachipua upya. Udongo ni mfinyanzi mtupu. Miezi ya baridi maji yanasimama juu yake hadi buti linanasa, na wanasema kiangazi kikija unapasuka nyufa za kuingiza mkono.

Jirani yangu wa upande wa kushoto ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, Uganda. Yeye ni mmoja wa wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na maelfu yao wakaja kuishi mji huu. Kiswahili chake kimechakaa lakini kipo. Siku ya kwanza aliniona nachimba, akauliza, "Wewe unatoka wapi, kijana?" Nikamwambia Iringa. Akasema, "Basi unajua kulima, lakini huku usichimbe namna hiyo. Inua." Akanionyesha kwake: uwatu, kotimiri, vitunguu saumu, vyote ndani ya matuta yaliyozungushiwa mbao, yamepangwa mstari kwa mstari, na njia kavu katikati.

Nikafanya kama alivyofanya. Mbao nilipata zile za majukwaa ya mafundi ujenzi, ambazo wakishaziona zimechoka wanaziuza kwa bei ya kutupa. Ni nene, na upana wake ni kama sentimita 22. Moja ina urefu wa mita 3.9. Ukiikata mita 2.7 na mita 1.2, hakuna kinachobaki, na mbao mbili zinatoa tuta zima, pande zote nne. Huo upana wa tuta, mita 1.2, si wa kubahatisha. Mtu akichuchumaa upande mmoja mkono wake unafika katikati, akizunguka upande wa pili anamalizia, kwa hiyo mguu haukanyagi ndani hata mara moja. Udongo usiokanyagwa unabaki laini, na mfinyanzi ukiukanyaga ukiwa umelowa umeutengeneza tofali.

Kaka, kuna jambo moja kuhusu mbao, kwa sababu wewe unazijua. Wengine huku wanatumia mataruma ya zamani ya reli, yanapendeza na hayaozi upesi. Lakini yamelowekwa dawa nyeusi, ile inayonuka kwenye nguzo za umeme, na mimi siwezi kupanda mboga ya mtoto hapo. Mbao zangu hazina dawa. Zitaoza baada ya miaka kadhaa, nitabadilisha.

Sasa Mama, kaa vizuri. Nimenunua udongo. Ndiyo, udongo, kwa hela, umeletwa na lori kwenye mifuko mikubwa. Tuta moja linameza toroli kama tisa, na bei sikutajii, utashika kichwa. Kabla ya kuujaza nilifyeka nyasi nikaziacha pale pale, nikalaza maboksi ya karatasi ngumu juu yake, yale ya kufungia friji na televisheni, nikiwa nimebandua gundi zote za plastiki. Boksi linainyima nyasi mwanga, inakufa, na boksi lenyewe linaoza. Juu yake nikaweka majani makavu na mabua, kisha samadi, ndipo udongo uliochanganywa na mboji.

Samadi ni ya farasi, wanaitoa bure kwenye mazizi nje ya mji. Lakini hata ya bure ina maswali yake. Kuna dawa ya kuua magugu wanayopulizia malisho, farasi anakula nyasi kavu, dawa inapita tumboni mwake bila kuharibika, na ukiweka samadi hiyo maharage, nyanya na viazi vinajikunja majani na kudumaa. Yule mzee akanifundisha kuipima: panda maharage kwenye makopo yenye samadi hiyo na mengine yasiyo nayo, ngoja yatoe majani. Yangu yametoka yamenyooka, kwa hiyo nimeimwaga.

Nilipokuwa nalaza yale majani chini ya udongo ndipo nilikukumbuka wewe kwenye kinyungu, lile shamba letu la matuta bondeni. Mvua ikikatika unafyeka majani ya bondeni, unayalaza kwa safu, unachimba mfereji na kuyafunika kwa udongo wake, unayaacha yaoze, kisha ndiyo mahindi mabichi, njegere na maharage yanaingia wakati wengine hawana kitu. Tuta liko juu, maji yako kwenye mfereji, mizizi haizami na haikauki. Mama, hiki ninachofanya mimi kwa mbao na lori la udongo ni hicho hicho. Na wewe hukununua kitu. Udongo wako wa juu ulitoka mferejini. Shangazi wa Mbinga naye anakotoka wana ngoro zao: majani yanalazwa kwa mistari inayokatizana, yanafunikwa udongo, katikati kunabaki shimo la kushika maji, na mlima mkali kama ule hauporomoki. Nimemweleza mzee wa Jinja hayo yote, akanitaka nimchoree kwenye mchanga.

Kuna mahali matuta yako yanashinda yangu. Tuta la mbao likiwa juu hivi linawahi kupata joto, lakini pia linawahi kukauka, na halina mfereji wa maji pembeni, kwa hiyo jua likikaza nitabeba ndoo. Tena udongo unashuka, kila mwaka itabidi niongeze mboji juu. Na penye mbao wanajificha wale konokono wasio na nyumba, wanatoka usiku na kumaliza mche mzima. Watu wanawawinda kwa tochi. Tumaini ameshajitolea kwa kazi hiyo, anasubiri tu aruhusiwe kuchelewa kulala.

Nilichopanda mpaka sasa ni kidogo: vitunguu, figili, na aina ya maharage mapana yanayovumilia baridi. Viazi mviringo nimevipanga kwenye trei za mayai dirishani vichipue, wiki hii vinaingia ardhini. Maharage yetu ya kawaida bado, kwa sababu jalidi huku linaweza kupiga hadi katikati ya mwezi wa tano. Unakumbuka mwezi wa saba kwetu, asubuhi majani ya viazi yameungua meusi na chai imebabuka? Ndiyo hiyo hiyo, ila miezi imegeuka. Nyie mkivaa makoti mwezi wa sita, sisi jua litakuwa linazama saa tatu na nusu usiku, na mtu akitoka kazini ana muda wa kulima.

Mnafu nao upo huku, unajiotea kwenye njia. Wenyeji wanauogopa, wanasema ni sumu. Unafanana na wetu, lakini sithubutu kuuchuma kabla sijajua kama ni ule ule.

Neema aliniuliza kama atume mbegu za maharage na za maboga. Asitume, tafadhali. Mbegu za kupanda haziingii nchi hii bila cheti cha afya ya mimea, zitakamatwa na kuharibiwa. Pandeni nyie.

Sasa neno la Kaka. Kaka, shikamoo. Nasikia unafikiria kupanda milingoti, hiyo mikaratusi, kule bondeni. Wewe ndiye uliye nyumbani na mimi niko mbali, najua maneno ya mtu wa mbali ni mepesi. Najua pia kazi ya vinyungu ni ya mgongo, Mama hawezi tena, vibarua wanataka hela taslimu, na mlingoti ukishaupanda unakwenda kulala mpaka mnunuzi aje. Tena sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka chanzo cha maji, na afisa akija na kamba yake kipande cha chini cha kinyungu chetu kimo ndani. Sibishani na hilo.

Lakini milingoti inakunywa maji, hilo tumeliona wenyewe kwa majirani wa ng'ambo. Kijito kile kinakwenda Ruaha Mdogo na kuishia Mtera, na kabla ya kufika huko kinajaza ndoo za mtaa mzima. Udongo ule mweusi Mama ameulisha majani tangu sisi tuko mgongoni. Mimi nimelipa hela nyingi kupata mfano wake, na mfano wenyewe bado haujafika. Ninaomba hivi: kile kipande cha ndani ya mita 60 tukiache, matete na miti ya asili irudi. Kipande cha juu kibaki vinyungu. Milingoti ipande kule kilimani ambako mahindi yanagoma, na miche nitachangia.

Kazi ya kufyeka na kulaza majani inaanza mvua ikikatika, haiko mbali. Vibarua wa msimu huu nitawalipa mimi. Kaka, niambie wanatakiwa wangapi na wanalipwaje siku hizi, hela nitaituma kwa Neema. Kama umeshaagiza miche ya bondeni, niambie pia, tuone itahamia wapi.

Mama, kwako nina maswali mawili, Neema akurekodi kwenye simu anitumie. Majani yakishafunikwa, unajuaje kwamba yameoza ya kutosha kupanda? Unatia mkono, unanusa, au unahesabu wiki? Na njegere unazitanguliza kabla ya maharage kwa sababu gani? Huku vitabu vina majibu yao, nataka lako.

Msalimie mama mchungaji na wote wa kwaya. Dawa ya magoti unywe baada ya kula, si kabla.

Mwanao,
Festo