Wasichana nao walivaa sare

Mhariri,

Makala yenu kuhusu chama cha vijana wa Hitler, katika Ujerumani ya Wanazi, iliwataja wavulana tu, kana kwamba mabinti walikaa jikoni wakisubiri vita viishe. Nafundisha historia, nikashindwa kunyamaza.

Chama cha mabinti hao, Bund Deutscher Mädel (Umoja wa Wasichana wa Kijerumani), kiliundwa 1930, na kufikia 1939 kujiunga kulikuwa lazima kisheria. Mtoto wa miaka 10 alianzia tawi la wadogo. Akifika 14 anapanda la wakubwa. Sketi ya buluu, blauzi nyeupe, skafu nyeusi iliyobanwa kifuani kwa kifundo cha ngozi: kwa binti wa umri ule, hiyo ni nguo ya sikukuu! Halafu mbio, kambi, nyimbo kando ya moto, mbali na macho ya mama. Nani angekataa? Sumu ya Unazi iliingizwa ndani ya asali.

Vita vilipopamba moto walipelekwa mashambani kuvuna, mitaani kutembeza makopo ya michango, hospitalini kuhudumia majeruhi.

Mwenzao Myahudi hakuruhusiwa kuivaa sketi ile. Novemba 1938 alifukuzwa hata shuleni, dawati lake likabaki wazi, na darasa likaendelea kuimba.

Mwalimu,
Morogoro