Kwa Nini Valvu za Amplifaya ya Gitaa Zimekuwa Adimu, na Kwa Nini Tunazipima Kabla ya Kuzibadilisha

Wateja wanaotuletea amplifaya za gitaa hutuuliza swali lile lile: inakuwaje valvu, yaani chupa ya kioo iliyotolewa hewa inayokuza ishara ya umeme, kifaa kilichobuniwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, kiwe adimu na ghali kiasi hiki, na kwa nini watu wasianzishe tu kiwanda kipya? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaeleza pia utaratibu wa kazi katika karakana yetu. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu kwa kirefu.

John Ambrose Fleming alibuni valvu ya kwanza mwaka 1904, na mwaka 1906 Lee de Forest akaiongezea gridi, ule waya wa katikati unaowezesha ishara ndogo kutawala mkondo mkubwa. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo karibu hakuna redio, televisheni wala rada iliyofanya kazi bila valvu, na viwanda vilizitengeneza kwa mamilioni. Transista, kifaa kidogo kinachokuza ishara bila chupa ya kioo, ilipopatikana katika maabara za Bell mwishoni mwa mwaka 1947 hali ilianza kubadilika. Kampuni kubwa za Marekani na Ulaya Magharibi, kama RCA, Mullard na Telefunken, ziliacha kazi hiyo moja baada ya nyingine, mashine zikauzwa au kuyeyushwa, na mafundi wakastaafu.

Wapiga gitaa hawakuondoka. Transista ikizidiwa nguvu hukata kilele cha wimbi la sauti kwa ghafla, ilhali valvu hukikunja kidogo kidogo, ikifuatwa na transfoma ya kutoa sauti ambayo nayo huongeza tabia yake. Mpigaji huusikia mkunjo huo, na zaidi ya hapo huuhisi vidoleni, kwa sababu akigusa nyuzi polepole sauti husafika na akizigonga kwa nguvu sauti hukwaruza. Ndiyo maana amplifaya ya Fender Twin bado inatumia valvu za aina ya 6L6, Marshall nyingi zinatumia EL34, na Vox AC30 inatumia EL84 nne. Karibu zote zinaanza na valvu ndogo ya 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83.

Leo mahitaji ya dunia nzima yanategemea viwanda vichache mno. JJ Electronic iko Čadca, Slovakia. Kiwanda kinachomilikiwa na New Sensor ya Marekani kiko Saratov, Urusi. Na China nako kuna watengenezaji, Shuguang ya Changsha ikiwa ndiyo iliyojulikana zaidi kwa muda mrefu. Mteja anapaswa kufahamu kwamba jina lililochapwa kwenye kioo si lazima liwe jina la kiwanda. Valvu mpya zinazouzwa kwa majina ya Mullard, Tung-Sol na Genalex Gold Lion, majina yenye heshima ya zamani, zinatoka chini ya paa moja huko Saratov. Hilo halizifanyi kuwa mbaya, na nyingine ni nzuri sana, lakini anayelipia jina akidhani ananunua valvu ya Uingereza ya miaka ya 1960 amepotoshwa, nasi hatutakubali apotoshwe kwetu.

Udhaifu wa mpango huu ulionekana wazi mwezi Machi 2022, Urusi ilipozuia kuuza nje aina nyingi za bidhaa, valvu zikiwemo. Mike Matthews, mwenye New Sensor, aliwatangazia wauzaji kwamba mizigo imesimama. Baadaye kibali kilipatikana na mizigo ikaanza tena kutoka, ila bei ilikuwa imeshapanda na wauzaji wengi walikuwa wamemaliza akiba. Mwaka huo huo Western Electric, ambayo hutengeneza valvu ya 300B huko Rossville katika jimbo la Georgia, Marekani, ilitangaza kwamba inaangalia uwezekano wa kutengeneza pia valvu za gitaa. Tuliipokea habari hiyo kwa furaha ya kweli, huku tukijua kwamba kati ya tangazo na valvu iliyo kwenye boksi pana kazi kubwa.

Ugumu wenyewe hauko kwenye michoro. Vipimo vya 12AX7 vilichapishwa zamani na yeyote anaweza kuvisoma. Ugumu uko kwenye malighafi na kwenye mikono. Chukua kathodi: ni kibomba chembamba cha nikeli, kisicho safi kabisa bali chenye chembe ndogo sana za madini mengine zilizopimwa kwa makusudi, kilichopakwa unga mweupe wa kaboneti za bari na stronti. Kibomba hicho hupashwa moto ndani ya ombwe mpaka kaboneti zigeuke kuwa oksidi na gesi inayotoka ifyonzwe. Unga ukiwa mzito kuliko inavyotakiwa, au nikeli ikiwa na mchanganyiko usiofaa, valvu itapita majaribio ya kiwandani kisha itachoka mapema kwa mnunuzi. Gridi nayo hufumwa kwa waya mwembamba kuliko unywele, mzunguko baada ya mzunguko, na umbali wake kutoka kwenye kathodi ni sehemu ndogo ya milimita. Umbali huo ukikosewa kidogo tu, ukuzaji wa ishara hubadilika, na valvu mbili zilizotoka siku moja hazilingani.

Kisha huja kutoa hewa. Pampu ikiwa inavuta, vyuma vya ndani hupashwa kwa mawimbi ya umeme mpaka vinawaka wekundu, ili gesi iliyojificha ndani yake itoke. Baada ya kioo kuzibwa, bari kidogo huchomwa ndani ili imeze mabaki. Bari hiyo ndiyo doa la rangi ya fedha unaloliona kwenye kioo, mara nyingi juu. Litazame kwenye valvu zako: likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa, wala hapana haja ya kupima chochote.

Kwa sababu hiyo tunaamini kwamba anayefufua utengenezaji huu afanye aina chache kwanza, hasa 12AX7, ambayo huhitajika zaidi kuliko nyingine zote ingawa gridi zake zenye waya mwembamba ni mtihani mkubwa, na aziboreshe kwa miaka kabla ya kupanua orodha. Anayeahidi aina 10 kwa mpigo atatupa valvu zinazovuma na kulia. Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu, kwa kuwa kiwanda kipya hakitasimama ikiwa kila mmoja anasubiri bei ishuke kwanza.

Kwa sasa huduma yetu imejengwa juu ya kutopoteza valvu iliyo hai. Amplifaya inapofika tunapima kila valvu ikiwa imebeba mzigo, tukiangalia mkondo wake na uwezo wake wa kukuza ishara, na ile ndogo ya mwanzo tunaigonga taratibu kwa kijiti cha mbao huku amplifaya ikiwa imewashwa, kwa kuwa valvu iliyolegea ndani hulia kwenye spika inapoguswa. Mara nyingi sauti iliyofifia imetokana na kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, iliyokauka au soketi chafu, na valvu zenyewe bado zina miaka mbele yake. Mteja hulipia kilichoharibika tu.

Tunapolazimika kubadilisha valvu za nguvu, tunaweka jozi zinazolingana kisha tunarekebisha baiasi, yaani mkondo unaopita wakati gitaa liko kimya. EL34 imewekewa ukomo wa wati 25 kwenye anodi, yaani bamba linalopokea mkondo ndani ya valvu, na kwa amplifaya nyingi sisi hatuvuki asilimia 70 ya hapo. Anodi ikiwa na volti 450, hiyo ni takriban miliampia 39 kwa kila valvu. Anayechomeka valvu mpya bila kupima anaweza kuiona anodi ikiwaka nyekundu usiku ule ule, na transfoma ikaungua pamoja nayo.

Tunaomba usifungue amplifaya mwenyewe ili kupima mkondo huo. Kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na umeme huo unaua. Unachoweza kufanya nyumbani ni kuhakikisha spika imeunganishwa kabla ya kuwasha, kuacha matundu ya hewa wazi, na kutoihamisha amplifaya ikiwa bado ya moto, kwa sababu vyuma vya ndani vikiwa na joto hutikisika na kupinda kirahisi. Ukija kwetu, leta pia valvu za zamani ulizokuwa umezitoa na kuziweka kando. Tutazipima pamoja na amplifaya, na zilizo nzima tutakurudishia kwenye boksi lenye tarehe na vipimo vyake.