Barua ya wazi kwa Gavana wa Illinois: hospitali ikishalipwa fungu lake la fidia, imwache majeruhi

Mheshimiwa Gavana JB Pritzker,

Nakuandikia kutoka Rock Island, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ninayowafafanulia majirani zangu barua za hospitali. Wengi wetu tumetoka Kongo kupitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, na hapa tunafanya kazi kwenye viwanda vya nyama. Bahasha zikifika, huletwa kwangu jioni zikiwa bado hazijafunguliwa.

Shangazi yangu aligongwa na gari akivuka barabara siku ambayo hakuwa na zamu, hivyo fidia ya wafanyakazi haikumhusu. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Dereva alikuwa na bima ya kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa Illinois: dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia. Hospitali ilidai dola 52,000, na madaktari wakaleta bili zao kando. Bima ililipa 25,000 zote, maana zaidi ya hapo hazikuwapo.

Ndipo tulipojifunza neno lieni, yaani zuio. Sisi tunasema “hospitali imeshika pesa”: inatuma notisi kwa majeruhi na kwa bima, na tangu hapo fidia haigawanywi bila hospitali kupata fungu lake. Sisemi sheria ya Illinois ya mazuio haya, iliyoanza kutumika mwaka 2003, ni mbaya yote. Inataka mazuio ya hospitali na madaktari kwa jumla yasizidi asilimia 40 ya fidia, na yakifika hapo, zuio la wakili lisizidi asilimia 30. Kwa hesabu hiyo, dola 10,000 zilikwenda kwa waliomtibu, nusu hospitali na nusu madaktari. 7,500 zikaenda kwa wakili. Shangazi akabaki na 7,500. Alilipa kodi ya nyumba ya miezi aliyolala kitandani, akamrudishia mdogo wake aliyekuwa akimlisha.

Kisha ikaja bahasha nyingine. Hospitali inamdai 47,000.

Nilidhani wamekosea. Nikampigia wakili, akanisomea Kifungu cha 45 cha sheria ileile: mwenye zuio anaweza kuendelea kudai kiasi kilichobaki hata baada ya zuio lake kulipwa. Nimekirudia kifungu hicho jioni nyingi, kamusi mkononi, nikitafuta mahali kinapoweka kikomo. Sijapaona. Sheria inamwachia majeruhi fungu lake kwenye ukurasa mmoja, na kwenye ukurasa mwingine inaruhusu afuatwe nyumbani kwake kwa deni lilelile.

Mheshimiwa, mwaka 2024 ulisaini sheria inayozuia madeni ya matibabu yasiingizwe kwenye rekodi ya mikopo. Huku kwetu ilipokelewa kwa shukrani. Lakini haizuii simu za wadai, wala haizuii kushtakiwa.

Naomba Kifungu cha 45 kibadilishwe. Pale bima ya dereva imelipa mpaka mwisho wa uwezo wake, na majeruhi ni mtu wa mshahara wa saa, hospitali ikishachukua fungu lake deni liishe hapo. Watasema gharama zao ni za kweli. Ni za kweli. Niliwaona wauguzi wale usiku ule, na bado nawaombea. Ila bili ya shangazi iliandikwa kwa bei kamili, si ile ambayo kampuni za bima ya afya hupunguziwa. Na bima ya afya anayo! Kadi yake ya kazini ilitolewa nakala pale mapokezi, lakini bili haikupelekwa huko, ikangojea fidia. Colorado waliliona hili mwaka 2015, wakaamuru hospitali ipeleke bili kwa bima ya mgonjwa kwanza kabla ya kuweka zuio. Illinois inaweza kufanya hivyo pia.

Tena notisi yenyewe ije kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Shangazi aliiweka ile ya kwanza ndani ya Biblia wiki tatu, akidhani ni kadi ya pole.

Barua ya mwisho imempa siku 30. Nimemwambia asilipe chochote mpaka nimletee jibu, na jibu hilo nalisubiri kutoka kwako.

Kwa heshima,
Mkalimani wa kujitolea, Rock Island