Makala za Uholanzi zisianzie Amsterdam tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Kila makala ya biashara ya Uholanzi ninayoisoma kwa Kiswahili inaanza mwaka 1602, VOC, kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Asia, inaundwa, Amsterdam inatajirika, halafu hao tunarukia bandari ya Rotterdam, basi imeisha. Yaani kama vile kabla ya hapo Waholanzi walikuwa wamekaa tu wanakamua ng'ombe. Mimi naishi jirani na mji mdogo unaitwa Kampen, uko kwenye mto IJssel, karibu na pale mto ulipokuwa unamwaga maji kwenye ghuba ya Zuiderzee, na ukiniuliza mimi, hii habari ianzie huku.

Mwaka 1400 hivi Kampen ilikuwa kubwa kuliko Amsterdam. Siri yao ilikuwa njia. Wafanyabiashara wengi wa zama hizo mzigo wa bahari ya Baltiki waliushusha Lübeck, mji wa Ujerumani, unabebwa nchi kavu mpaka Hamburg upande wa pili, unapakiwa upya, na kila mahali kuna mkono unataka ushuru. Watu wa Kampen walikuwa kati ya wale waliozunguka na meli zao kule juu kaskazini mwa Denmark, njia ya hatari kweli lakini mzigo hauguswi, na mfalme Abel wa Denmark alishawapa mabaharia wa njia hiyo haki zao tangu 1251. Wakienda huko wanaleta samaki wa chumvi wa Skania, kusini mwa Sweden ya leo, nafaka na mbao, chumvi yenyewe wanaifuata Ufaransa, halafu mzigo unapanda mtoni mpaka Ujerumani na mvinyo wa Rhine unashuka. Na walikuwa wajanja hao jamaa, Hansa, ule muungano wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, walijiunga rasmi 1441 tu, kabla ya hapo waliona bora wacheze pande zote.

Kilichowaangusha ni mto wenyewe. IJssel ni tawi la Rhine, na maji ya Rhine yalizidi kushika njia ya tawi lingine, Waal, IJssel ukabaki na maji haba, mchanga ukajaa mdomoni, na wakati huohuo meli zinazidi kuwa kubwa zinataka kina. Walipigana nao lakini! Mwaka 2016 waliibua kutoka chini ya mto meli nzima ya mbao ya mwanzoni mwa karne ya 15, urefu kama mita 20, na wataalamu wanasema haikuzama kwa ajali, ilizamishwa makusudi pamoja na vyombo vingine viwili vidogo ili kuusukuma mkondo upite wanakotaka wao. Meli ya kuingiza hela unaifanya ukuta, hebu fikiria walikuwa wamebanwa kiasi gani. Haikusaidia, Amsterdam ikachukua biashara, mwaka 1672 Kampen ikatekwa vitani, na karne ya 19 watu wakawa wanaishi kwa kusokota sigara.

Kuna faida moja ya kufilisika, hawakuwa na hela ya kubomoa. Ndiyo maana lango la Koornmarktspoort bado limesimama hapo mtoni na mageti mengine mawili ya zamani yapo. Na kituko ni kwamba sasa shida imegeuka, maji yamekuwa mengi, baada ya mafuriko ya 1993 na 1995 serikali ikaanza kuipa mito nafasi ya kutanuka, na hapo kusini mwa Kampen wamechimba mkondo mpya kabisa, Reevediep, ukafunguliwa 2019.

Majirani wao lakini bado wanawacheka. Wanasema zamani majani yaliota juu ya mnara, watu wa Kampen badala ya kuyakata wakamfunga ng'ombe kamba shingoni wakampandisha ayale, na alipotoa ulimi kwa kunyongwa na kamba wakashangilia kwamba ameshaanza kuonja. Wenyewe hawakasiriki hata, kila kiangazi wananing'iniza ng'ombe wa bandia kwenye mnara huo.

Kwa hiyo Mhariri mkimtuma tena mwandishi Uholanzi, mwambieni apande treni ya Zwolle, pale kuna katreni ka Kampen, ni dakika chache tu, kituo kiko ng'ambo ya mto, anavuka daraja kwa miguu anaingia mjini.

Msomaji wenu, Zwolle, Uholanzi