Kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu: Wafungulieni wanafunzi wa uuguzi mlango wa thieta

Mheshimiwa Waziri,

Wanafunzi wa uuguzi hutuuliza kama kibarua cha hospitali kitawasaidia kufika kwenye nusukaputi, yaani kazi ya kulaza wagonjwa usingizi wa upasuaji. Sisi tunaoifanya huwajibu kwamba inategemea wamewekwa wapi. Kufua mashuka au kusukuma machela kunaleta nauli, na hilo si haba, ila hakufundishi lolote kuhusu njia ya hewa.

Ndani ya thieta, chumba cha upasuaji, mambo ni mengine. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, msaidizi makini husoma geji ya oksijeni. Mtungi mdogo wa aina ya E ukijaa hubeba takriban lita 680. Kwa lita 5 kila dakika hudumu saa mbili na dakika chache. Ukibaki robo, una kama nusu saa tu. Huangalia pia chokaa ya soda, chembe nyeupe zilizo kwenye mashine ya usingizi, ambayo hugeuka zambarau ikishindwa kunyonya hewa chafu anayotoa mgonjwa. Hapa wengi hunaswa: ikikaa usiku kucha bila kutumika, rangi huweza kurudi nyeupe ilhali chokaa imekwisha nguvu. Kisha hujaribu taa ya laringoskopu, kifaa cha kutazamia koo, hupuliza puto la mrija wa kupumulia kwa sirinji ya mililita 10 kuona kama linavuja, na kuhakikisha mashine ya kufyonza inavuta kweli. Mgonjwa akitapika nayo haivuti, matapishi huingia mapafuni.

Anayeingia kozini akiwa na mazoea hayo hujifunza haraka. Hata hivyo, asidanganywe. Kozi ya nusukaputi kwa wauguzi, ya miezi 18, hudai leseni ya Baraza la Wauguzi na uzoefu wa uuguzi wenyewe. Kibarua hakichukui nafasi ya hayo.

Kinaweza pia kumharibia. Aliyekesha kazini husinzia asubuhi kwenye mafunzo ya wodini. Na watu wakiwa wachache, huambiwa ashike barakoa ya hewa au avute ketamini, dawa ya usingizi, kwenye sirinji, kazi asiyo na leseni nayo. Likitokea la kutokea, mgonjwa ndiye anayeumia kwanza.

Tunaomba nafasi za malipo katika thieta za kaunti, kama Ahero na Chulaimbo, kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho: zamu mbili kwa wiki, isiwepo ya usiku kabla ya siku ya mafunzo. Mipaka ya kazi iandikwe na kubandikwa ukutani, na kila zamu itiwe saini kitabuni na msimamizi. Mwanafunzi akijichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyotumika, ajue pa kukimbilia siku hiyo hiyo, kwani dawa za kuzuia HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi tatu, ya mwisho ikitolewa miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo watakaoanza zamu Januari wanapaswa kuchanjwa kuanzia Julai.

Wako,
Wauguzi wa nusukaputi, Kisumu